Afisa Aliyekula Ningu

Wiki jana nilikuwa Ndhiwa kwenye mkutano wa kujadili bwawa linalotakiwa kujengwa Mto Kuja. Afisa wa mradi alitusifia stima na maji ya mfereji mpaka tukasinzia. Mama mmoja akainua mkono.

"Ningu, samaki wetu wa mto huu, hupanda kutaga mayai mvua ikianza. Tukiwakausha, ndio chakula cha watoto mahindi yakiisha. Huo ukuta wa bwawa, ningu wataupitaje?"

Afisa akasema swali ni zuri sana, litajibiwa baada ya chakula.

Chakula chenyewe kilikuwa ningu, na mpishi alikuwa mama huyo huyo. Afisa alifyonza kichwa mpaka mfupa ukawa mweupe, akalamba vidole, akaongezwa. Kisha akasimama.

"Asanteni. Kwa mapokezi haya, ni wazi jamii imeukubali mradi."

Nilisimama kwa hasira. Mama akanivuta shati, nikakaa.

"Mwanangu," akamwambia afisa, "hapa kwetu hata aliyekuja kunifukuza anakula kwanza. Nimekupa samaki. Mto sijakupa."

Afisa akacheka, akatazama saa, akasema swali atalipeleka kwa wakubwa. Halafu, bila haya, akaomba afungiwe ningu wawili wa kwenda nao nyumbani. Mimi nisingempa hata maji ya kunawa. Mama alimfungia watatu, wakubwa.

"Watoto wako wawaangalie vizuri kabla ya kula," akamwambia. "Wakija kuuliza ningu alikuwa samaki gani, utawajibu wewe."