Siku Niliyomvua Mkwe Wangu Eproni

Kwanza niwataje waliokuwepo, maana nikitangulia kusimulia aibu yangu nitasahau heshima za watu. Alikuwepo Haji wa Mzee Makame, mume wa binti yangu Zuhura, ambaye ni mtu wa Pemba lakini tabia yake njema, ungedhani katoka mbinguni. Alikuwepo mjukuu wangu Salma, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa anasoma mambo ya madaraja, jinsi yanavyojengwa yasianguke. Na wageni watatu kutoka Moseley, upande wa pili wa mji wetu huku Uingereza, watu wa Mombasa kwa asili: Mzee Twahir, mkewe Bi Rukia, na dada wa Mzee Twahir aitwaye Bi Khadija. Walikuja kumposa Salma kwa ajili ya kijana wao Mahmud, ambaye mwenyewe hakuja, kama ilivyo desturi. Zuhura alikuja mwishoni, nitamfikia. Na mie, Bi Asha, niliyesoma mpaka darasa la tatu na nikadhani inatosha.

Sasa aibu. Nyumba yetu iko Erdington, na katika nyumba ile anayepika ni Haji. Zuhura anaendesha basi, lile refu la ghorofa (mara ya kwanza kumwona juu ya usukani ule nilisoma dua mpaka mwisho wa safari, wala sikuwa na safari), na Haji wakati ule alikuwa anafanya kazi za usiku huko Washwood Heath, kwa hiyo mchana akishaamka ni yeye, jikoni, eproni shingoni, anakaanga vitunguu huku anasikiliza redio. Mie nilifika Uingereza nikayakuta hayo nikanyamaza, lakini rohoni yalinikaa kama mwiba wa samaki. Nikipiga simu nyumbani Unguja wakiniuliza umekula nini, nasema tumepika mchuzi wa papa. Tumepika. Miaka tisa nimekula chakula cha yule bwana, naramba na vidole, na sikuwahi kumwambia mtu kapika nani.

Siku ya posa Zuhura alikuwa na zamu ya asubuhi, alitarajiwa saa saba. Haji alikuwa jikoni tangu saa tatu, pilau ya nyama imeshaingia mchele, kachumbari imekatwa, yeye anapiga mluzi. Mie nikasimama mlangoni nikamtazama, nikawaza wale watu wa Mombasa wakiingia wamkute baba wa bibi harusi katika hali ile, eproni yenyewe ina maua, watasemaje? Nikamwambia, "Baba, vua hiyo. Vaa kanzu, ukae mbele kama mwanamume, hapa nitamalizia mie."

Haji akanitazama. "Mama, imebaki kupunguza moto tu. Dakika kumi."

"Nimepika mie kabla hujazaliwa."

Basi mkwe mwenye adabu hawezi kubishana na mama mkwe, nyinyi mnajua. Akavua eproni, akaitundika, akapanda juu kuvaa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu salama.

Nikageukia jiko. Jiko lenyewe la umeme, halina makaa ya kupunguza wala kupalia juu ya mfuniko, lina vitufe vya kuzungusha vyenye namba, na namba zenyewe zimefutika kwa kusuguliwa na Haji, maana ni msafi kupita kiasi. Nikazungusha kimoja kidogo upande wa kushoto, nikaona hapo ndipo moto unapopungua, kwa sababu gani sijui, nadhani kwa sababu mkono wa kushoto ni mdhaifu. Nikaridhika nafsi yangu. Kengele ikalia, wageni hao, na wamewahi.

Wanaume wakabaki chumba cha mbele, sisi wanawake chumba cha nyuma karibu na jiko. Salma akaja na sinia ya sharubati, kajitanda mtandio wa kijani, mzuri huyo. Bi Rukia kabla hajaketi vizuri akatabasamu akauliza, "Ehe, yuwapi huyo mume apikaye? Mimi nimekuja kumwona yeye khasa."

Nikasema, "Mume gani, mwenzangu? Haji? Huyo hajui hata kuchemsha maji. Hapa tunapika wanawake, kama kwenu."

Salma akaitua sinia mezani kabla hajamgawia mtu. Na tabasamu la Bi Rukia nalo likaondoka, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha.

Mie sikujua (na kutojua kwangu ndiyo dhambi yenyewe, maana sikuuliza) kwamba Salma alikuwa ameshamwambia Mahmud kwamba hataolewa mpaka wakubaliane kazi za nyumba wagawane, yeye ana masomo na atakuwa na kazi, na Mahmud akamjibu mambo hayo ni ya vitabuni, mwanamume wa Kiswahili haingii jikoni. Salma akamwambia, njoo uone baba yangu. Mahmud akamweleza mama yake, na mama yake akasema nitakwenda kuona kwa macho yangu, ikiwa ni kweli utajifunza, na ikiwa ni uongo basi huyo msichana anakupiga porojo kabla hata ya ndoa. Na barua ya posa alikuwa nayo Mzee Twahir mfukoni, asiitoe mpaka mkewe ampe ishara.

Kwa hiyo kwa sentensi moja nilimfanya mjukuu wangu mwongo mbele ya mkwe wake, nami nimekaa hapo nimejinyoosha kama malkia.

"Basi waliotwambia walitwambia vibaya," akasema Bi Khadija, jicho kwa Salma.

Salma akainama karibu na sikio langu akasema neno kwa Kiingereza, ambacho mie nakijua kwa mafungu kama nyanya za sokoni, lakini fungu lile nililipata. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia nenda kaongeze barafu.

Bi Rukia akainuka. "Nije nikusaidie jikoni, mwenzangu."

"Hapana, keti, wewe mgeni."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, ameshatangulia, na Bi Khadija nyuma yake. Akaonja kachumbari. "Haina chumvi. Nipe chumvi."

Chumvi. Jamani, miaka tisa katika nyumba ile, na sikujua chumvi inakaa wapi. Nikafungua kabati la juu, vikombe. Nikafungua droo, vitambaa. Nikafungua kabati la chini kwa nguvu, ili nionekane najua, matreya ya kuokea yakanimwagikia miguuni yote kwa kishindo ambacho hata majirani walikisikia. Bi Khadija akasema, "Huenda iko kwenye friji," kwa upole wa kuua, na mie, Mungu anisamehe, nikafungua friji nikatazama.

Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Kumbe upande wa kushoto ndio moto unaozidi. Moshi ukaanza kutoka chini ya mfuniko, na kile kidude cha darini kinachonusa moshi kikaanza kulia, ti ti ti, kelele ya kupasua kichwa. Nikachukua ufagio nikakipiga mara moja, hakikunyamaza. Nikakipiga mara ya pili kwa hasira, kikakatika, kikaangukia katika bakuli la kachumbari, na humo kikaendelea kulia.

Haji akaingia mbio, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono. "Samahani mama, samahanini." Akazima jiko, akainua sufuria kwa matambara, akafungua dirisha, akakitoa kidude katika kachumbari akakichomoa betri, akatundua eproni akaifunga juu ya kanzu, yote hayo bila kufikiri, kama mtu anavyotawadha. Kisha akaonja kachumbari, akanyoosha mkono nyuma ya birika la umeme, akatoa chupa ya zamani ya kahawa. Ndani yake chumvi.

Bi Rukia akamtazama tangu juu mpaka chini. "Huyu ndiye asiyejua kuchemsha maji?"

Na hapo palikuwa pa kutubu. Nikasema, "Ameanza leo."

Bi Khadija akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Rukia hakucheka. Akasema, "Khadija, chukua mikoba. Kamwambie kakako barua asiitoe. Nyumba hii sijui nimwamini nani." Na Salma, aliyekuwa mlangoni na barafu yake, hakulia, aliniangalia tu mimi, na wallahi afadhali angelia.

Nikaona nikikaa kimya posa imekufa, tena imekufa kwa jina la mtoto asiye na kosa. Nikajitanda vizuri, nikaenda mpaka mlango wa chumba cha wanaume, mahali ambapo mwanamke wa umri wangu hasimami bila kuitwa. Nikasema, "Mzee Twahir, nimesema uongo katika nyumba ya watu. Mtoto kasema kweli. Hapa anapika baba yake, na mie ndiye mlaji mkubwa. Niliona haya, nikamvua eproni, na pilau nimeiunguza mie."

Wakati uleule mlango wa nje ukafunguka, Zuhura akaingia na sare yake ya basi, akanusa, akasema, "Nani kaunguza pilau ya Haji?" Na hakuna ushahidi uliopita huo.

Mzee Twahir akamgeukia Haji aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mwiko. "Kweli wewe ndiwe mpishi?"

"Kweli, mzee. Tangu Zuhura aanze kazi. Yeye akirudi kachoka, na mimi najua kupika, sasa tungoje nini?"

"Na wenzako kazini wakwitaje?"

"Wananiita 'Chakula kimebaki?', maana ndilo swali lao kila nikiingia."

Mzee akacheka, lakini Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mkoba mapajani. Akasema, wala si kwa mtu yeyote, ila sauti ilitufikia mpaka mbele, "Mimi nimepika miaka thelathini. Hakuna siku hata moja niloulizwa kama nimechoka." Mzee Twahir akaacha kucheka. Akatoa barua, hakunipa mie wala Haji, akampelekea mkewe jikoni aitoe yeye, na yeye akampa Salma mkononi mwake, jambo ambalo sijaliona katika posa yoyote maishani mwangu.

Tulikula pilau ya juu, ya chini iliyoungua tukaiacha. Mahmud alikuja Jumapili iliyofuata kujifunza kukata vitunguu kwa Haji, akajikata kidole siku hiyohiyo, na akaendelea kuja. Salma hakunisemesha siku nane. Siku ya tisa aliniambia amenisamehe kwa sharti kwamba kisa hiki nikisimulie mwenyewe usiku wa hina mbele ya wanawake wote, nami nikakisimulia, wakacheka mpaka wanja ukawatoka. Tangu hapo nimeapa, mtu akiniuliza umekula nini namtaja na aliyepika, kwa jina lake na la baba yake.

Zamani nikisikia vijana wanasema usawa, usawa, nilidhani wanataka kuninyang'anya kitu. Bado mengine siyaelewi, sitadanganya tena. Lakini najua niliona haya mwanamume kupika, na sikuona haya miaka tisa kukaa nikisubiri kuandaliwa.

Huenda nimechanganya maneno. Bi Rukia yu hai, alhamdulillahi, na kama nimemsingizia atanisahihisha, hajawahi kushindwa. Mzee Twahir ametangulia, Mungu amrehemu, hivyo la kwake nisahihishieni nyinyi mliomjua, maana mie namkumbuka akimpelekea mkewe barua ile kwa mikono miwili, na ningependa sana iwe ni kweli.