Kitanda Chenye Mwinuko

Kiungulia kiliniibia sauti, na mimi nikailaumu chaki. Mwalimu wa darasa la tatu hapa Kamina anameza vumbi la ubao kutwa nzima, kwa hiyo kila nilipoamka na koo linalokwaruza na uchungu mdomoni, nilijua mchawi wangu ni nani. Ule moto wa kifuani nao niliutibu kwa pemba, udongo mweupe wa sokoni, nikiutafuna kama mjamzito. Haukuzima kitu.

Kisha kiongozi wa kwaya yetu ya kanisa akanizuia baada ya mazoezi. Tangu niolewe, ubeti wa Pasaka wa kuimba peke yangu ni wangu, ule unaopanda juu kabisa mwishoni.

"Mama mwalimu, kule juu sauti inakatika," akasema. "Pasaka imebakia juma sita. Kama haitarudia, nitapatia mwengine."

Hakusema kwa ubaya. Nilimchukia hadi nyumbani hata hivyo.

Muuguzi wa kituo cha afya aliniuliza ninakula nini, na saa ngapi. Nikamwambia ukweli wote: bukari usiku, yaani ugali wetu, mlima mzima, sombe ya majani ya muhogo inayoogelea kwenye mawese, pilipili juu yake, chai nzito, halafu kitanda. Akanipa vidonge vya majuma machache, lakini alisema vidonge peke yake havitoshi.

"Tumbo yako haina mubaya, Mama. Weye unailalisha na muzigo. Kula kidogo, saa kumi na moya, jua ingali inaonekana. Acha pilipili, acha mafuta mingi, acha chai ya nguvu. Na kichwa ya kitanda ipande."

Pilipili niliiacha kwa machozi. Chai iliondoka ikaniachia maumivu ya kichwa ya siku tatu. Kilichonishinda kabisa ni ile saa kumi na moja. Kwetu mke hatangulii kula, na mume wangu ni mtu wa reli. Hurudi kutoka kukagua njia jua likiwa limeshazama. Siku ya kwanza alinikuta nimekula na sahani yangu nimeshaiosha.

"Weye umekula bila minyi?"

"Nimekula. Nataka sauti yangu."

Akavuta sahani yake, akala. Nilikaa naye mpaka akamaliza, mikono yangu mitupu mapajani, na roho iliniuma kuliko kifua.

Kazi ya kitanda, lakini, aliichukua mwenyewe. Jumamosi alikuja na vipande vya mbao za zamani za reli, zile nzito zinazonuka lami, akashinda chumbani asubuhi nzima na pimamaji yake ya kusawazishia njia. Nilimsikia akipiga mluzi, nikajua amenisamehe. Kitanda kikawa kirefu hadi nikawa nakipanda kwa kuruka.

Majuma mawili yakapita. Nilikuwa nakula kama ndege, na bado asubuhi uchungu ulinisubiri mdomoni. Kwenye mazoezi sauti ilikatika palepale. Kiongozi wa kwaya alitazama pembeni, na mimi nikaenda kulia nyuma ya kanisa.

Nikifagia uvunguni ndipo nilipoona. Vipande vilikuwa vinne. Bwana yule alikuwa ameinua miguu yote minne ya kitanda, sawasawa, bila kosa hata la unywele.

"Muuguzi alisema kichwa ipande," nikamwambia. Ufagio ulikuwa bado mkononi.

"Njo vile nilifanya, nilipandisha. Lakini siwezi kuacha kitu inainama mu nyumba yangu. Njia ikiinama vile, treni inaanguka."

"Hapa hakuna treni. Hapa kuko bukari tu."

Alijaribu kununa, akashindwa, akacheka. Akatoa vile viwili vya upande wa miguuni. Tangu hapo anaamka miguu yake ikining'inia nje ya kitanda, ananung'unika kama bibi harusi aliyeozwa kwa nguvu, na hajavirudisha.

Asubuhi ya tano niliamka mdomo wangu una ladha ya mdomo tu. Nikakaa kitandani nikimeza mate, kwa furaha. Sauti yenyewe ilirudi polepole, kwanza chini, kisha katikati, na juma la mwisho ikagusa juu bila kukatika.

Siku ya Pasaka niliipanda noti ile na nikaikalia. Niliikalia hadi kiongozi wa kwaya akasahau kushusha mkono. Nilijivuna ndani ya nyumba ya Mungu, na sijatubu bado.

Nje, mume wangu alikuwa amezungukwa na wenzake wa reli.

"Ile sauti mulisikia, minyi njo niliipandisha," aliwaambia. "Na mbao mbili tu."

Zile mbili nyingine sikuzitaja. Nilibaki nikisalimiana na watu mpaka nikachelewa, na nilipofika nyumbani saa kumi na moja ilikuwa imepita kidogo. Mume wangu alikuwa mezani. Alikuwa amenawa mikono, bukari imefunikwa, na alikuwa hajagusa kitu. Alikuwa ananingoja mimi.