Jongoo Sitini na Mmoja

Mume wangu hajui kuacha kazi nusu. Hata nguo akianika, anazipanga kwa rangi. Miaka ishirini na sita chuoni, kazi yake ni kutumbukiza wadudu kwenye chupa za spiriti na kuandika vibandiko kwa penseli, maana wino huyeyuka. Wenzake wanamwita Bwana Chupa, naye anaona sifa.

Mwaka jana aliokota jongoo mdogo wa kijivu chini ya jiwe, bondeni nyuma ya mtambo wa maji. Mtaalamu wao, mama mmoja mkali, akamwambia, "Huyu sijawahi kumwona. Niletee dume aliyekomaa, bila dume siwezi kumtambua."

Basi! Kaombwa dume mmoja, yeye akasomba ukoo mzima. Kila Jumamosi, jiwe kwa jiwe.

"Wengine bado wachanga, mke wangu. Sitaki mama wa watu akose."

Nikamwambia ana wazimu. Akacheka.

Wiki iliyopita mtaalamu akapiga simu tukiwa jikoni, mume wangu akaweka spika.

"Hongera, Bwana Chupa! Ni aina mpya kabisa. Nimetafuta mabonde yote ya jirani, hayuko. Tunaomba bonde lako lilindwe. Umewaacha wangapi?"

Mwiko ulinidondoka. Sitini na mmoja walikuwa kwenye spiriti, na Jumamosi ya mwisho alirudi mikono mitupu, akijisifu kwamba kazi imekwisha.

"Nimewamaliza," akasema kwa shida. "Mama, nimewamaliza."

Mtaalamu akakata simu.

Siku nne tumepindua mawe, mimi ninayeogopa jongoo kuliko nyoka. Siku ya kwanza nilimtukana njia nzima, kisha nikaona machozi yake nikaacha. Leo asubuhi nikainua jani bovu, huyo hapo, anajiendea zake! Nikapiga yowe. Mume wangu akaja mbio, akapiga magoti, na mkono ukaingia mfukoni ukatoka na kichupa cha spiriti. Kizibo alishakifungua.

"We mwanamume!"

Nikampiga kibao mkononi, spiriti yote ikamwagikia suruali yake. Akaniangalia, akakiangalia kichupa.

"Sikukusudia. Haki ya Mungu, sikukusudia."

Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akainuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka barabarani.

"Mlinde wewe," akasema. "Mimi usiniruhusu kukanyaga hapa tena."