Mvua ya Kutapishia Vyoo

Kwetu Tabata mvua kubwa haioshi kitu. Mvua kubwa ni ruhusa. Ikianza kupiga mabati, wenye vyoo vilivyojaa hutoka na nondo, wakazibua tundu la ubavuni, na uchafu wote ukaenda zake na maji ya barabarani. Jambo hilo tumelipa jina la upole kabisa: kutapisha choo. Kana kwamba choo ni mgonjwa na sisi ndio wauguzi wake.

Mama yangu alikuwa na kisima. Alikichimbisha alipohamia kutoka bara, na katika mtaa mzima wenye maji ya chumvi, chake peke yake kilitoa maji matamu. Hakukitia kufuli. Jirani yetu wa upande wa juu, ambaye yeye na Mama walipelekeana futari na pilau ya Krismasi mwaka hadi mwaka, alichota humo kila asubuhi. Mama alimwita dada.

Masika moja, mvua ikiwa imekolea mchana kweupe, nilimwona dada huyohuyo kainama nyuma ya choo chake, khanga kaifunga kiunoni, nondo mkononi. Maji meusi yakateremka, yakapenya chini ya ukuta wetu, yakazunguka mdomo wa kisima. Nilipiga kelele. Akaniangalia bila hata kuona haya.

"Mwanangu, si mvua itayapeleka? Hayakai hayo."

Kweli, juu hayakukaa. Yalizama.

Mvua ilipokata, ndoo ya kwanza ilipanda na povu, na harufu mnaijua. Mama akatia dawa, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga, hadi viganja vikachubuka. Wapi! Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, mvua ya Mungu hiyo. Kaeni myamalize kijirani." Nilitamani kumnywesha kikombe kimoja tu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Yule jirani alifika na ndoo yake kama kawaida, akanusa, akakunja uso.

"Dada, maji yenu siku hizi yamekuwaje? Kisafisheni basi."

Mama akamwomba radhi. Akamwomba radhi yeye!

Kisima tukakifunika kwa zege, tukawa watu wa kununua maji ya madumu.

Masika haya choo chetu nacho kimejaa. Miaka yote Mama alikuwa akiita gari la kunyonya, hakukubali hata siku moja kutapisha, kwa kukihofia kisima chake. Juzi wingu lilipotanda, alikaa kibarazani akilitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nondo iko wapi. Nikamkumbusha kwamba maji yetu yanateremkia nyumba ya chini, na wale wana kisima.

"Najua," akasema. "Hata mie nilikuwaga nacho."