Sauti ya Mama Iliyosafishwa

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Mtaalamu, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ana kibanda kando ya kinyozi, chenye kompyuta moja na kiti kinachotoa sponji. Kazi yake ni kugeuza rekodi: mtu analeta sauti aliyorekodi kwa simu, redio ya gari inaikataa, yeye anaigeuza iwe faili ambalo redio italikubali. Anatumia programu za bure. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba, kwa kuwa ni za bure, anabonyeza kila kilichomo. Kuna kupunguza ukubwa, kuna kuondoa kelele, kuna kukata pasipo na sauti. Zote anaziwekea tiki. Anasema kuacha kitu cha bure ni ushamba.

Kibanda kile kinanitia kinyaa. Kibodi imeganda mafuta na makombo, na zile spika za masikioni anazowapa wateja zina nta ya masikio ya mtaa mzima, jamani, ya njano. Ukimwambia azifute, anazipangusa kwenye fulana aliyolala nayo. Halafu anakunja nne na kuwaita watu wachafu.

Sasa mama yetu, kabla hajafariki, alimwachia baba maneno machache kwenye simu yake ya batani. Pumzi zilikuwa zimemwishia. Alisema neno, akatulia kuvuta hewa, akasema lingine. Sauti yake haipo penginepo popote. Baba aliisikiliza kila alipomaliza kufua nguo zake, kajilaza, simu kaiweka kifuani. Betri ikaanza kuvimba, na simu mpya tuliyompa ikagoma kuifungua ile rekodi. Ikabidi igeuzwe. Nilimsihi Mtaalamu, tena nikamshika mkono, asiguse kitu kingine chochote. Akaniambia nisimfundishe kazi.

Akaja nayo kwenye simu mpya, anatafuna kijiti cha meno, uso unamng'aa. Baba akakaa ukingoni mwa kitanda. Zile spika za kibandani, alizokuja nazo, nilizifuta mimi mwenyewe kwa kitambaa chenye sabuni. Baba akasikiliza, ikaisha kabla hajakaa sawa, akaomba irudiwe. Nami nikachomeka moja sikioni. Kha! Mama anakwenda mbio kama msomaji wa taarifa ya habari, hakohoi, hapumui. Ile programu ilikuwa imezihesabu pumzi zake kuwa kelele na kuzifagilia mbali.

"Kuna mahali alikuwa anatulia," baba akasema, "na mimi namngoja. Hapo ndipo nilipokuwa nimemshika mkono."

Nikauliza ile ya mwanzo iko wapi. Mtaalamu akajikuna kitovu. Kumbe aliihamisha kutoka kwenye simu badala ya kuinakili, na alipomaliza kuigeuza akaifuta kwenye kompyuta, maana kulikuwa kumejaa na mchezo wake wa mpira ulikuwa unataka nafasi. Mtu huyu nimemlea, nepi zake nimezifua kwa mikono hii, lakini siku ile alinichefua kuliko nepi zote kwa pamoja.

Na haya hana. Macho makavu, akamsogelea baba na kumpiga piga begani.

"Usijali, Baba. Programu ina sehemu ya kuongeza ukimya. Naupachika kila baada ya neno, tena bure."

Baba akazitoa spika masikioni, akaukunja waya wake polepole, akamrudishia.

"Ukimya wa nani, mwanangu?"

Mtaalamu akaanza kumweleza kwamba ukimya wote ni mmoja, hauna tofauti. Alikuwa bado anaeleza wakati baba anainyoosha miguu kitandani. Simu mpya aliiacha pale pembeni. Akaichukua ile ya batani, yenye betri iliyovimba na isiyo na kitu ndani, akaiweka kifuani, akafumba macho.