Koti la Amos Kershaw

Jabez Ollerenshaw alikwenda vitani, na kazi yake huko ilikuwa kuosha vyombo vya choo. Hilo ndilo mji wa Hagshaw haukutaka kulisikia. Mji mzima, kuanzia kinyozi hadi mchungaji, ulikwisha kuamua kwamba Jabez ni shujaa, na watu wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, wakishakufanya shujaa huna pa kujificha.

Kabla ya hapo alikuwa mfumaji katika kiwanda cha Bwana Fothergill. Kila Jumanne jioni yeye na rafiki yake Amos Kershaw walijifunza huduma ya kwanza na kikosi cha mji, katika chumba cha nyuma cha kanisa: kubeba machela, kufunga bandeji, kumfunga gango mtu asiyeumwa chochote. Mwaka 1900 Waingereza walikuwa wakipigana na Makaburu huko Afrika Kusini, wakigombea dhahabu iliyo chini ya ardhi ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Jeshi likaishiwa wauguzi. Bwana Fothergill akapanda juu ya kiti kuita wa kujitolea. Yeye mwenyewe, maskini, magoti yalikuwa yakimsumbua.

Jabez na Amos wakaenda. Waliwekwa kwenye hospitali ya mahema, na mizinga waliisikia kwa mbali mara mbili tu. Kilichoua watu pale ni homa ya matumbo. Amos aliwaosha wagonjwa miezi mitatu, kisha ikampata na yeye, na siku ya kumi na moja akafa. Daktari akaamuru sare yake ichomwe moto, na aliyeichoma ni Jabez. Kaburi walilichimba wenyeji weusi, kama walivyochimba mengine yote pale. Medali zao mpaka leo sijasikia zimeishia wapi.

Za Hagshaw zilifika baada ya Jabez kurudi nyumbani, tena kwenye kasha zuri la mbao. Basi bwana, kamati ya kikosi ikakaa, mwenyekiti Fothergill, na baada ya chai nyingi ikamwandikia barua Bi Keziah Kershaw, mama yake Amos. Sare ni mali ya kikosi, barua ilisema. Medali ya marehemu itatolewa mara tu koti, suruali, mkanda na kofia vitakaporudishwa.

Bi Keziah akaipeleka kwa Jabez. "Nisomee tena, mwanangu, labda nimesoma vibaya."

"Hujakosea, mama."

"Nirudishe nini mimi? Hata mwanangu sikurudishiwa."

Jabez alishikwa na hasira. Akaapa kwamba mama huyu ataipata medali ya mwanawe, liwalo na liwe. Akaenda moja kwa moja kwa Fothergill.

"Sare ilichomwa, bwana. Niliichoma mimi."

"Una hati ya kuthibitisha?"

"Hati ya nini, ya moshi?"

"Usinifanyie mzaha, Ollerenshaw. Sheria ni sheria. Tukimwachia mmoja, kesho kila maiti atataka medali bila koti."

Sherehe ya kuvisha medali ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbini. Bendi ilipiga, pai za nyama zilipangwa mezani, na Fothergill akahutubia kwa saa nzima kuhusu risasi ambazo hakuna aliyeziona, yeye hasa. Ndipo akamwita Jabez jukwaani.

"Tueleze, kijana wetu. Ulijisikiaje risasi zilipokuwa zikivuma?"

"Sijui, bwana. Nilikuwa naosha vyombo vya choo."

Mke wa Fothergill akairudisha pai yake mezani. Jabez akaanza kufungua vifungo vya koti lake la sare.

"Unafanya nini wewe?"

"Narudisha sare ya Amos Kershaw."

"Hiyo ni ya kwako!"

"Zote zimeshonwa na fundi mmoja, kipimo kimoja. Haya, nionyeshe iliyo yangu." Akaweka koti mezani, akaweka kofia na mkanda, kisha akashika suruali.

"Loh! Kuna wanawake humu!"

"Hao ndio wanaozifua, bwana. Nguo za ndani wanazijua." Suruali ikalifuata koti mezani.

"Geuka, Jabez!" akapiga kelele mfumaji mmoja kutoka nyuma. "Tuione na medali ya nyuma!" Ukumbi ukaangua kicheko, na bendi ikapiga wimbo wa taifa bila kuamriwa.

Fothergill aliiva uso. Akaona njia moja tu ya kujiokoa: kumuuliza mama mwenyewe, ambaye hasemi uongo. "Bi Kershaw, njoo hapa. Unaitambua sare hii?"

Mama yule alipanda polepole. Akalifungua koti, akapapasa ndani upande wa kifua, akapapasa tena. Kicheko kikaisha.

"Naitambua," akasema. "Ni ya mwanangu."

Akapewa medali. Ya Jabez ikarudi kashani, kwa sababu mtu havishwi medali bila sare, na sare yake, kwa mujibu wa kamati, ilikuwa imepotea. Haikutoka humo mpaka alipokufa.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Bi Keziah akavua shali yake akamfunga Jabez kiunoni, mbele za watu, wakaondoka pamoja.

"Koti la Amos nililishonea kipande cha gauni langu la arusi kwa ndani, baridi isimpige kifuani," akasema. "Lile halikuwa nacho."

"Najua, mama. Nilikiona wakati nalichoma."

"Kilishika moto upesi?"

"Upesi."

Wakatembea mpaka kwenye kona ya kiwanda. Pale Bi Keziah akasimama, akafungua kiganja na kuitazama medali kwa mara ya kwanza, upande huu na upande ule.

"Wameweka sura ya malkia," akasema. "Nilidhani wataweka ya Amos."