Sifa Isiyo na Mkia

Asubuhi bado mbichi, na mwanasaikolojia amepiga magoti sakafuni, shavu lake karibu liguse zulia. Anatafuta jicho la mwanasesere. Jana mtoto mmoja alilinyofoa kwa meno, na leo anakuja mwingine ambaye humeza vitu.

Analipata chini ya kabati. Anaokota pia kigari cha chuma na kukitia mfukoni.

"Hiki hakirudi hapa," anasema, akigusa kovu lililokata nyusi yake ya kushoto. "Tulishaonana."

Chumba chenyewe ni kidogo: zulia, viti viwili vya plastiki vya kimo cha watoto, boksi la vibao vya mbao vya kujengea, na kioo kikubwa ukutani. Kwa upande huu ni kioo cha kujitazama. Kwa upande wa pili ni dirisha. Nyuma yake, katika iliyokuwa stoo ya mashuka ya kliniki, mwanasaikolojia hukaa na kipaza sauti na kumnong'oneza mzazi, ambaye amevaa kifaa kidogo sikioni na anacheza na mtoto. Ndiyo maana wazazi humwita Mama Sikio.

Utafiti wake unahusu watoto wa miaka mitatu hadi sita walioshindikana: wanaong'ata, wanaorusha viti, wanaofukuzwa chekechea kabla hawajajua kuandika majina yao. Anataka kujua kama kumwelekeza mzazi papo hapo, mtoto akiwa mbele yake, kunatuliza nyumba kuliko kumkalisha na kumpa mawaidha.

"Mawaidha wanayo tele," anasema. "Hakuna mama aliyefika hapa ambaye majirani hawajamshauri mpaka akachoka."

Familia sitini zilijiandikisha. Ilipigwa kura: nusu zianze, nusu zingoje miezi minne, ili tofauti ionekane.

Mama anayekuja leo, mfua nguo wa hoteli, aliangukia kundi la kungoja. Mwanawe ana miaka minne. Chekechea mbili zilimpa jina la Kimbunga, kisha zikamrudisha nyumbani.

Kila mwezi Mama Sikio alimpigia simu. "Hamjambo? Mnaendeleaje na mtoto?"

"Hatujambo, daktari. Salama tu."

Salama. Na siku hizohizo mama alipokwenda kazini, bibi wa mtoto, ambaye miguu yake imevimba na hawezi tena kukimbizana na mtu, alikuwa akimfunga mjukuu kwa kipande cha shuka kwenye mguu wa kitanda. Siku moja kipande kilikuwa kirefu kuliko bibi alivyodhani. Kilimfikisha mtoto kwenye sufuria ya maji ya moto.

Mkono wa kulia wa mtoto unang'aa sasa, tangu kifundo hadi kiwiko, kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa.

"Niliogopa wangenichukulia mwanangu," anasema mama, macho yakiwa sakafuni. "Na jioni ile nilikuwa nimempiga. Yaani nilimpiga kwa kuungua."

Mama Sikio aliujua mkasa huo siku zamu yao ilipofika, mtoto alipokunja mikono ya shati.

"Nilimpa salamu, akanijibu salamu," anasema. "Kwetu sisi, nani anasalimiwa akajibu kwamba nyumba inaungua?"

Siku hizi haulizi "mnaendeleaje." Huuliza, "Jana jioni alivunja nini?" Hapo ndipo watu hulia. Na mtoto aliye hatarini hangoji tena zamu, hata kama familia yake inabidi iondolewe kwenye utafiti.

"Hesabu zangu zimejaa matundu," anasema. "Afadhali ziwe nayo hizo kuliko mtoto."

Leo kuna mgeni katika stoo ya mashuka. Baba mkubwa wa mtoto, kaka wa marehemu baba yake, amesafiri kuja kumchukua. Begi la nguo za mtoto liko miguuni pake, limeshafungwa zipu. Kwake, anasema, kuna fimbo, na fimbo haijawahi kufukuzwa kazi. Mama Sikio amemwomba jambo moja tu: atazame kipindi kimoja kabla ya kuondoka.

Ng'ambo ya kioo, mtoto anapanga vibao.

"Mfuate, usimwongoze," Mama Sikio ananong'ona. "Sema unachokiona."

"Unaweka chekundu juu," anasema mama. "Umejenga vizuri! Mbona nyumbani huwa..."

"Kata mkia, mama."

Mama anaishia hapo.

Huo mkia ndio ugonjwa anaokutana nao kila siku, anaeleza Mama Sikio. Umekaa vizuri leo, si kama jana. Umekula vizuri, kumbe unaweza. Mzazi hudhani amesifu. Mtoto husikia kile kipande cha mwisho tu.

Baba mkubwa anacheka kwa pua. "Anasifiwa kwa kuweka kibao juu ya kibao? Kuku wangu hujenga kiota, na sijawahi kumpigia makofi."

"Kuku wako anang'ata watoto wa jirani, baba mkubwa?"

"Mmoja alidonoa mtoto. Nilimchinja."

Upande wa pili mtoto amerusha kibao, kikagonga kioo, usawa wa uso wa mgeni, naye anaruka nyuma. Mkono wa mama umeshapanda juu. Mtoto amejikunja, kichwa kikiwa kati ya mabega, kiwiko chenye kovu mbele.

"Shusha mkono. Taratibu. Geuza uso, pumua. Usiseme kitu. Mngoje."

Mama anageuka kutazama ukuta. Machozi yanamtiririka. Baada ya muda mrefu, mtoto anarudi kukaa, na kunasikika mbao ikigusa mbao.

"Sasa mgeukie. Mwambie."

"Asante kwa kurudi kukaa," anasema mama.

Mtoto anainua uso, anamtazama kama mtu anayengoja kofi lililochelewa. Anangoja sehemu iliyobaki ya sentensi. Haiji. Anaendelea kungoja. Kisha anasogea, taratibu mno, mpaka goti lake linagusa goti la mama.

Baba mkubwa anakohoa bila sababu.

Kipindi kinapokwisha, anaingia chumbani na begi, Mama Sikio nyuma yake. Mnara umesimama, unafika kifuani kwa mtoto. Mtoto anamtazama huyu mtu mkubwa aliyejaza mlango.

"Umejenga vizuri," anasema baba mkubwa, kwa sauti nzito. "Ila ole wako uubomoe."

Mtoto anapiga teke moja. Vibao vinatawanyika mpaka kwenye viatu vya baba mkubwa.

"Si mmeona?" anauliza.

"Nimeona," anasema Mama Sikio. "Na wewe umeona?"

Baba mkubwa anavitazama vibao. Mama wa mtoto anamtazama yeye, kisha begi. "Shemeji," anasema, "nakuomba." Hamalizi.

Mama Sikio anavua kifaa sikioni mwa mama, anakifuta kwa pamba na kumnyooshea mgeni. Huo ndio mpango wake mpya, anasema, na hajui kama utazaa kitu: asiishie kwa akina mama, awapate pia wale wanaokuja na mabegi. Katika familia kumi na moja zilizomkatikia njiani, mtoto alichukuliwa na mtu ambaye hakuwahi kuingia chumba hiki.

"Alhamisi ijayo," anamwambia. "Utakaa wewe."

Baba mkubwa anakitazama kile kiti cha plastiki. "Kitanibeba hicho?"

"Kimebeba wazito zaidi."

Anaondoka akiwa ameinamisha kichwa mlangoni, na ngazi zinasikika chini ya viatu vyake, moja moja.

Begi limebaki zuliani, zipu imefungwa. Mtoto ameshaanza kupanga vibao juu yake.